Mfarishi wa Marehemu Mama

Marehemu mama yangu aliacha vitenge sita. Viwili vilitoka COTEBU, kiwanda cha nguo kilichokuwa hapa Bujumbura, navyo vilikwisha kupauka kwa kufuliwa; vinne vilikuwa bado vipya, amevikunja vizuri sandukuni. Vyombo vingine tuligawana, lakini vitenge hivyo hakuna aliyethubutu kuvigusa. Ndipo nilipomkumbuka mama mdogo, akaaye Ijenda, huko milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulio kando ya Ziwa Tanganyika hulala kwa shuka moja na kulalamikia joto. Yeye hujifunika mablanketi mawili na bado hutetemeka. Nikaazimia kumshonea mfarishi.

Mfarishi ni nguo ya matabaka matatu: uso juu, pamba katikati, na bitana chini. Matabaka hayo hushikwa pamoja kwa mishono ipitayo toka juu hadi chini, na mishono hiyo si pambo tu. Pamba isiyoshikwa hutembea. Nguo ikifuliwa hujikusanya mabonge mabonge pembeni, na katikati hubaki vitambaa viwili vitupu. Pamba ya kawaida yataka mistari iliyokaribiana, inchi mbili hivi au pungufu. Lakini ikizidi kubanana, mfarishi hukakamaa kama mkeka.

Mwenzangu wa ofisini aliniazima kijitabu cha Kifaransa chenye michoro ya mishono hiyo. Nilipendezwa na mmoja: mstari mmoja tu, wenye kupinda na kujizungusha kama mto wa bondeni, ukaijaza nguo nzima bila kujikata hata mara moja. Nikaupa jina la mawimbi. Kisha nikaenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, kwa mzee mmoja niliyesifiwa, nikamwambia: “Baba, nishonee mawimbi.”

“Mawimbi ni kazi ndogo, mama,” akajibu, tukapatana bei. Kijitabu nilikuwa nacho mkobani. Sikukitoa. Niliona haya, mtoto mdogo kama mimi, kumfundisha mzee kazi yake.

Kumbe kwa mzee yule mawimbi ni ule mstari wa kwenda kombo ushonwao kwenye pindo la gauni. Alipitisha mawimbi saba, toka ubavu hadi ubavu, na kati ya wimbi na wimbi shubiri nzima. Kwa macho kazi ilipendeza mno. Nikaufua mfarishi mara moja kabla ya kuupeleka mlimani, na nilipouinua kwenye beseni nikahisi uzito wote umeshukia upande mmoja. Pamba ilikuwa imekimbia. Nilikaa chini uani, nimeshika vitenge vya mama vilivyolowa, nikalia kama siku ya msiba.

Kesho yake nilirudi Buyenzi nimefura. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanipa kalamu na gazeti kuukuu. “Chora,” akasema. Nikachora. Akautazama mchoro, akatikisa kichwa.

“Hii si kushona, mama. Hii ni kudarizi. Kwa nini hukusema?”

Neno lenyewe nililijua tangu utotoni. Nilijua kwamba kofia na kanzu hudariziwa, na kwamba Waajemi na Wahindi humwita mshona nguo darzi. Sikudhani kama blanketi nalo lina haki ya neno hilo. Mzee akanieleza kwa cherehani yake. Katika kushona, meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani ndiyo yavutayo nguo, nayo huivuta kuelekea upande mmoja tu. Katika kudarizi, meno hayo hufunikwa kwa kadi ngumu, na mikono ya fundi ndiyo iisogezayo nguo popote apendapo. Ni kama kuandika kwa kusogeza karatasi, na huku kalamu imetulia mahali pamoja.

Basi tukakaa, mimi na yeye, tukakipekua kijitabu chote. Mistari ikatanayo kwa kulala upande aliiita kashata, maana ndivyo kashata zikatwavyo. Mshono ujifichao ndani ya maungio ya viraka alisema hauhitaji jina kwa kuwa hauonekani, nikambishia, tukauita mfuata maungio. Unyoya haukutushinda. Ile mistari ilizungukayo ua, duara nje ya duara, mimi nilitaka tuiite mwangwi kama kijitabu kilivyosema; mzee akacheka, akasema mwangwi husikika, na haya ni maji yaliyotupiwa jiwe. Alishinda. Na mstari wangu wa mto aliuita njia ya mchwa. Kweli, ukibandua gome la mti mkavu utauona umechorwa pale.

Kufumua kulinichukua Jumamosi mbili, kwa wembe na kwa subira. Matundu ya sindano kwenye vitenge vipya yalijifunga nilipoyalowesha na kuyasugua kwa ukucha. Kimoja cha COTEBU kilikuwa kimechoka. Kilichanika mahali pawili, nikatia viraka. Tukapiga bandi upya, na safari hii sikuondoka penye cherehani mpaka mchwa wa kwanza wamekwisha kupita. Mzee alikataa kulipwa mara ya pili zaidi ya nusu.

Mama mdogo aliupokea mfarishi kwa mikono miwili, akautandaza magotini, akaanza kuvitambua vitenge kimoja kimoja: hiki mama yako alikivaa kanisani, hiki alinikatalia nilipomwomba. Kidole chake kikafika kwenye kiraka.

“Na hapa je?”

Nikamsimulia yote, tangu mawimbi hadi mchwa. Alicheka hata akakohoa, akajivutia mfarishi mabegani, akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.