Makasia Chini ya Mlima Kenya

Watu wa pwani wana desturi ya kushindana baharini. Siku za Maulidi mjini Lamu, majahazi hushindana kwa matanga mbele ya mji, nao watu hujaa ufuoni kuwashangilia manahodha wao. Katika nchi za Meru na Embu desturi hiyo haikuwako, na sababu yake ni nchi yenyewe. Mito ya Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita huteremka kwa kasi kutoka Mlima Kenya, ikipita katika mabonde yenye mawe mengi. Maji ya namna hiyo hunywesha watu na mifugo, lakini hayachukui chombo.

Walakini msafiri atokaye mji wa Embu na kushuka Mbeere kwa njia ya Kiritiri huona ajabu: maji mapana yaliyotulia katika nchi kavu ya migunga. Mto Tana umezuiwa huko kwa mabwawa matano ya kutoa nguvu za umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hivyo watu ambao babu zao walichunga mbuzi wamejifunza kupiga makasia. Hutega nyavu, wakavua perege na kambare, kisha hurudi wakipambana na upepo. Hakuna kombe wala ngoma. Tuzo ni kufika ukingoni samaki wakali wabichi, na kuepukana na mamba na viboko.

Lakini liko shindano kubwa zaidi, nalo ni kati ya maji na udongo. Mvua inyeshapo juu ya shamba la mteremko lisilo na matuta, udongo huingia Rupingazi, ukafuata Mto Thiba, ukatua katika bwawa la Kamburu. Tope hupunguza nafasi ya maji. Na nafasi ikipungua, mvuvi na mitambo hupata hasara pamoja. Udongo wa Meru hauzuiliwi hapo, kwa maana Kathita huingia Tana chini ya mabwawa yote. Huo huweza kusafiri hata Kipini, Tana inapoingia baharini, na mwenye shamba hatauona tena.

Basi mkulima achimbaye matuta na kupanda nyasi kando ya mto hulinda rutuba yake mwenyewe. Tena, kwa jembe lile lile, humsaidia mtu asiyemjua, aliye chini huko akivuta kasia.