Daftari la Hamali

Daftari lenyewe lilikuwa la skuli, la bei rahisi, nyuma yake limechapwa jedwali la kuzidisha. Mwenyewe alikuwa akilihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya gunia alilolitandika juu ya gari lake la mkono, na kila ikikaribia magharibi hulitoa, akakaa juu ya gari hilo hilo, akaandika. Upande wa kushoto aliandika kilichoingia, upande wa kulia kilichotoka, na chini kabisa, kwa tarakimu ndogo kama za mtu anayechelea kuzisema kwa sauti, alichobakisha. Nilipomwona mara ya kwanza akifanya hivyo, penye kona ya soko la Darajani, nilidhani anaandika barua.

Kwa siku nyingi sikumjua jina. Nilimwita Ami, kama aitwavyo kwetu mtu wa makamo ya baba, naye akaniita mwanangu. Na humu nitamwacha na jina hilo hilo.

Mwaka huo, 2009, tulikuwa wanafunzi wanne tunaomaliza stashahada, na mtihani wetu wa mwisho ulikuwa kutengeneza filamu isiyozidi dakika ishirini. Tulikwishaafikiana kuwa filamu yetu itamhusu mchukuzi. Sababu naona haya kuieleza, lakini nitaieleza. Mwalimu wetu alikuwa ametuonyesha Borom Sarret, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal ya mwaka 1963, inayomfuata mwenye gari la farasi katika mji wa Dakar tangu asubuhi hadi anaporejea nyumbani mikono mitupu, gari lake limechukuliwa kwa kosa la kuliingiza katika mtaa wa wakubwa. Filamu ile nayo ina dakika zipatazo ishirini. Tukadhani tukimpata mtu, gari na jasho, basi na sisi tumeshaipata filamu. Hatukulizingatia neno jingine alilotwambia mwalimu siku ile, kwamba Sembène kabla ya kushika kamera alikuwa kuli katika bandari ya Marseille. Yeye alijua mzigo unakaa wapi mwilini. Sisi mahamali tuliwajua kwa sauti tu: “Habedari! Habedari!” nasi tukajibanza ukutani wapite.

Ami alikubali baada ya kuuliza maswali mawili: itachukua siku ngapi, na nani atamlipa kwa mizigo atakayoikosa. Tukapatana posho ya siku kumi na mbili. Akaiandika.

Siku ya kwanza tulimtaka atembee pole pole, gari likiwa tupu, kichwa chini, akitoka Malindi kuelekea mjini. Mshika kamera wetu aliona kuwa mwanga wa asubuhi utakaa vizuri juu ya huzuni ile. Ami akakataa. “Mwenye gari tupu haendi pole pole, mwanangu. Gari tupu ndilo la kukimbia nalo, maana mzigo unachukuliwa na mwenzio. Pole pole ni ukishapakia.” Tukambembeleza, akatembea kama tulivyotaka, na mahamali wenziwe waliokuwa wakipita wakamcheka hadi tepu ile ikawa haifai kitu. Toka hapo tukamwacha afanye kazi yake, sisi tumfuate.

Mengi niliyoyajua juu ya filamu niliyajua katika siku zile za kumfuata. Nilijua kwamba gunia la mwanzo halipakiwi mbele wala nyuma bali juu ya magurudumu, kwa sababu mzigo ukielemea mbele utakulemea mikononi, na ukielemea nyuma utakunyanyua wewe. Nilijua kwamba zipo njia za Mji Mkongwe ambazo gari huingia lakini halipindui, na mchukuzi mgeni akizidanganyikia hana budi kurudi kinyumenyume na mchele wa watu. Nilijua pia kwamba gari lile halikuwa lake. Kila asubuhi, kabla hajapata hata shilingi, alidaiwa shilingi elfu moja na mia tano za kodi na mwenye magari. Akipata asipate, zile zilikuwa hazina mjadala. Usiku mmoja alinifungulia kurasa za nyuma za daftari. Alikuwa amezijumlisha kodi zote tangu alipoanza kuandika. “Gari hili nimeshalinunua mara nne,” alisema, “na bado si langu.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa tamaa yake, ikiwa tamaa ni neno linalostahiki. Kwanza gari la mkono lililo lake. Halafu, akijaaliwa, gari ndogo ya Suzuki ya kubebea mizigo, na mwanawe aiendeshe. Hakutaka utajiri. Alitaka asubuhi isiyoanza na deni. Mapango hayo yote yalikuwa na tarakimu zake na miezi yake. Na sisi, tuliokuja kupiga filamu ya mnyonge, tulikuta mbele yetu mtu aliyekuwa na mipango iliyonyooka kuliko yetu sote wanne. Tukaipiga kwa dakika tatu nzima picha ya Ami akiandika, akifuta, akiandika tena, midomo ikienda bila ya sauti. Filamu tukaipa jina la Daftari.

Kisha umeme ukazimika. Wakaazi wa Unguja hawana haja ya kukumbushwa: ilikuwa Desemba 2009, hitilafu ilipotokea Fumba, pale unapoingilia waya wa baharini uletao umeme kutoka Bara, na kisiwa kizima kikakaa gizani hadi Machi 2010. Tepu zetu tulikuwa nazo, kompyuta ya kuhariria tulikuwa nayo, na vyote viwili havikuwa na faida zaidi ya matofali. Mabomba yalikauka kwa kuwa pampu zilisimama. Mahoteli na maduka yakaagiza majenereta, majenereta yakateremshwa Malindi, na kutoka Malindi hayakuweza kufika katika vichochoro ila kwa gari la mkono. Msimu ule wa kiza, ulioumiza watu wengi, ulikuwa msimu wa neema kwa Ami. Safu ya kushoto ya daftari lake ilirefuka. Tulipojichanga hatimaye tukakodi jenereta dogo ili tumalize kuhariri kabla ya mtihani kutupita, aliyelileta mlangoni alikuwa yeye. Nikamdhania atatusamehe ujira. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Kazi ni kazi, mwanangu.” Tukamlipa kamili.

Filamu ilipita, na maksi zilikuwa nzuri. Lau tungeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Lakini na sisi tulikuwa na tamaa zetu, na tamaa zetu hazikuwa na daftari.

Tulitaka kuiuza. Tukapanda boti kwenda Dar es Salaam na mkoba wa diski, tukaingia Kariakoo, ambako miaka ile ndiko filamu za Kiswahili zilikokuwa zikinunuliwa na kusambazwa nchi nzima. Msambazaji tuliyemfikia alikuwa mtu muungwana. Aliiangalia filamu yetu dakika sita, akaisogeza mbele kwa kidole, akaizima. Akatueleza bila ya kejeli kwamba dakika ishirini si bidhaa. Mnunuzi anataka saa nzima, na akipata sehemu ya kwanza na ya pili ni bora zaidi, maana atanunua mara mbili. Anataka uso anaoujua juu ya kava. Anataka mapenzi. “Huyu mzee wenu anaandika nini muda wote huo?” aliuliza. Tulipomweleza, alitikisa kichwa kwa huruma. Tulipokuwa tunaondoka akatupa nasaha ya bure: tuweke picha ya jasho nje, watu watajua filamu inahusu nini.

Njiani kurudi, tukikata maji ya Chumbe, tuliifikiri nasaha ile, na kabla ya kuteremka tulikuwa tumeshaikubali. Hakuna aliyetulazimisha. Kava tukaweka mgongo wa Ami: mgongo mtupu, unaong'aa, uso hauonekani. Jina la Daftari tukalifuta, tukaandika Jasho la Mnyonge. Na zile dakika tatu za kuandika, kwa kuwa tulishaambiwa zinachosha, tukazikata zikabaki sekunde ishirini, ambazo ndani yake mtu hawezi hata kutambua kama anachoandika ni hesabu. Tukatoa nakala mia tatu. Tuliziuza kwenye mabaraza, kwa jamaa, na kwa wageni waliokuwa wakipita Forodhani, ambao waliupenda mgongo ule mno. Mmoja alituuliza kama tunauza picha yake peke yake. Haikupita wiki mbili zikawapo nakala nyingine ambazo hatukuzitoa sisi, na kibanda kimoja cha video kule Ng'ambo kikaionyesha kwa kiingilio.

Humo kibandani ndimo Ami alimoiona.

Alinijia nyumbani baada ya isha. Hakukaa. Kava lilikuwa mkononi, na alikuwa akiligeuza kama mtu atafutaye mahali palipoandikwa bei. Akasema kwamba mwanawe, aliyekuwa darasa la sita, alimwuliza kwa nini wamemwita baba mnyonge. Nikaanza kueleza habari za soko. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akasema: “Jasho langu kila mtu analiona barabarani, hana haja ya kununua. Kile ambacho hawakioni ndicho mlichokitoa.”

Kisha akaniuliza tumeuza ngapi.

Sikuwa na jibu. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa ameandika. Akatoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa mpya, akanipa kalamu, na katika kizingiti cha nyumba yetu, kwa mwanga wa taa ya mlangoni, akanifundisha kuifanyia hesabu filamu yangu mwenyewe: diski tupu, wino, nauli ya boti mara mbili kwa watu wanne, mafuta ya jenereta, zilizouzwa, zilizotolewa zawadi, zilizoharibika. Ilionekana kuwa faida ipo, ndogo, na kwamba tulikwishaila. Sehemu yake tulimlipa kwa mafungu matatu. Kila fungu alilitilia alama.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Lamberto Maggiorani, yule mfanyakazi wa kiwanda ambaye Vittorio De Sica alimfanya mhusika mkuu wa filamu yake ya wezi wa baskeli mwaka 1948. Alicheza mtu asiye na kazi, dunia nzima ikamlilia. Aliporudi kiwandani akapunguzwa kazini kweli. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Tulichoweza kufanya ni kidogo. Mwaka huo huo wa 2010 tulizirejesha zile dakika tatu, na jina. Tukaiga desturi ya Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi ya kupeleka sinema vijijini, tukatundika shuka katika kiwanja kimoja karibu na Michenzani, tukawaalika mahamali wa Malindi na Darajani. Walikuja na magari yao, wakayapanga wakayafanya viti. Nilikaa nyuma, na nilipojua kuwa yale mandhari ya kuandika yanakaribia, nilianza kuhesabu watakaoinuka.

Hakuinuka mtu. Kamera ilipokaribia ukurasa na tarakimu zikasomeka juu ya shuka, sauti moja ikapaza kutoka gizani kwamba bei ile ya mpira wa gurudumu si ya kweli, yeye kanunua kwa chini ya hapo. Mwengine akamwambia hakununua mpya huyo. Wa tatu akataka kujua kwa nini kodi ya Ijumaa imeandikwa sawa na ya siku nyengine, ilhali kuna wenye magari wanaosamehe nusu. Kelele zikazidi, filamu ikawa haisikiki, na Ami akainuka kutoka juu ya gari lake, kivuli chake kikaangukia shuka, akaanza kuwajibu mmoja mmoja.