Kwa Miguu Mpaka Ziwa la Kabaka

Safari ya mwezi huu haina tiketi. Tunaiandika hasa kwa familia zinazotumwa huku kwa ajili ya hospitali au karatasi, halafu zinaambiwa randevu ni wiki ijayo. Tunajua siku hizo zinavyopita: mama, baba na watoto wamefungiana kwenye chumba cha kukopeshwa, na mtoto akirudi kambini atasema Kampala ni foleni.

Waliopitia Kisoro wanaukumbuka mlima Muhavura. Una mita 4,127, na juu kabisa kileleni kuna kiziwa kidogo, kwenye mdomo wa volkeno ya zamani. Wenye miguu mizuri wanapanda na kushuka siku moja. Lakini kule ni hifadhi, kuna kiingilio, na nauli tu ya kutoka Kampala inaweza kumaliza pesa ya chakula. Hilo tuwaachie wenye mifuko. Sisi tuko na ziwa la mjini.

Tulianza Old Kampala karibu na msikiti mkuu, saa mbili asubuhi, wazazi sita na watoto kumi na mmoja. Tulibeba bidoni mbili za maji, muhogo wa kuchemsha na karanga. Kila mtu mzima alikuwa na kitambulisho chake cha ukimbizi mfukoni, na nyinyi msikiache nyumbani. Tulishuka Bakuli, kisha tukapanda Namirembe polepole kwa sababu ya wadogo. Juu kuna kanisa kuu la matofali mekundu, na pembeni hospitali ya Mengo iliyoanzishwa mwaka 1897. Hapo pumzikeni, mji wote unaonekana.

Kushuka upande wa pili unafika Bulange, jengo la bunge la Buganda. Kutoka hapo barabara inanyooka kama kamba mpaka lango la ikulu, Lubiri, kama maili moja hivi. Inaitwa Kabakanjagala, maana yake Kabaka ananipenda. Kandokando kuna sanamu za alama za koo za Waganda, na watoto wetu waligombania nani ni wa simba na nani ni wa panzi. Katikati ya barabara kuna mzunguko wenye njia ya kupita moja kwa moja, ila ile ni ya Kabaka peke yake. Wengine wote, hata mwenye gari kubwa, wanazunguka. Sisi tulizunguka kwa heshima zote.

Lubiri hatukuingia, kuna kiingilio. Tulifuata ukuta kwa nje, tukashuka kuelekea upande wa Ndeeba. Ukipotea uliza tu "Ennyanja ya Kabaka", hata kijana wa boda atakuonyesha bila kukudai.

Tusidanganyane, maji yake si ya buluu. Ni ya kijani, kando kando kuna majani marefu, na wale ndege wakubwa wenye upara, kaloli, wanatembea kama wazee wa baraza. Na wenzetu wa Goma na Bukavu wasitucheke: ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo vilima vyote vya Kampala viko chini yake. Mtu wa Kivu akija hapa, ameshuka.

Lakini ziwa hili halikuumbwa na volkeno. Limechimbwa na watu kwa mikono. Kabaka Mwanga ndiye aliamuru, kati ya 1885 na 1888. Ni huyo huyo Mwanga wa mashahidi tunaowakumbuka Namugongo kila tarehe 3 Juni. Inasemwa alitaka mfereji mpaka ziwa Victoria, apite kwa mtumbwi kutoka nyumbani kwake. Watu walilazimishwa, hata wakubwa walishika jembe, na uchungu wa kazi ile ulichangia kumwangusha. Septemba 1888 walimfukuza. Alikimbia kwa maji mpaka Magu, ambako leo ni Tanzania.

Ndiyo, mfalme mwenye ziwa alikuwa mkimbizi. Na si yeye tu. Mjukuu wake, Mutesa wa Pili, alishambuliwa na jeshi ndani ya Lubiri hii hii tarehe 24 Mei 1966. Aliruka ukuta, akatoroka, akavuka kuingia Kongo, akafika Burundi, halafu Uingereza. Wakongomani na Warundi tuliokuwa pale tulitazamana. Njia tuliyopita kuja, yeye aliipita kwenda.

Tulikuwa tumekaa kwenye majani tunakula muhogo, na mzee mmoja wa kwetu ndiye aliyekuwa anasimulia. Msichana wa miaka tisa akauliza: "Walirudi?"

Mzee hakumficha. Mwanga alirudi mwaka 1889 akatawala tena, lakini baadaye Waingereza walimpeleka Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903, na mwili wake ukaletwa 1910. Mutesa alifia London mwaka 1969, akarudishwa 1971 kwenye jeneza. Msichana akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi mmoja alirudi mara moja akiwa mzima." Mama yake akampa karanga zilizobaki.

Watoto wasiogelee wala kunywa yale maji, na wadogo washikwe mkono, kingo zinateleza. Kurudi ni rahisi: mnatokea Ndeeba, kwenye misumeno ya mbao, mko barabara ya Masaka, na taksi za mjini zinapita kila dakika. Sisi tulirudi kwa miguu, tukafika saa tisa, dakika chache kabla ya mvua.