Lita Moja Ni Kiasi Gani?

Ndugu msomaji, sisi wa Kisiwa Panza tunajua kupima tangu zamani. Vibaba 2 ni kisaga 1. Visaga 2 ni pishi 1. Ramadhani ikimalizika, tunatoa Zakatul-Fitri kwa pishi. Hata mtoto anajua pishi ni kiasi gani.

Siku hizi ipo pia lita. Mafuta ya taa huuzwa kwa lita. Dawa nazo huchanganywa kwa lita. Je, ukiambiwa lita 1, unaiona machoni pako?

Tazama vyombo vya nyumbani. Chupa 2 za maji za nusu lita hufanya lita 1. Ndoo kubwa huchukua lita 20. Ndoo 10 kama hiyo hujaza pipa la lita 200. Sanduku lenye mita 1 kila upande huchukua lita 1,000. Hizo ni ndoo 50!

Mimi nateka maji mtungini kwa kata ya kifuu. Nimeipima kwa chupa. Kata yangu ikijaa mara 3, napata lita 1. Kata yako huenda ikataka mara 4, maana nazi hazilingani. Kwa hiyo pima ya kwako.

Jambo hili si dogo. Mtoto akiharisha, mwili wake hupoteza maji na chumvi. Anahitaji dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Soma maandishi ya pakiti. Pakiti nyingi zinataka maji lita 1. Maji yakipungua, chumvi huzidi na mtoto anaweza kudhurika. Maji yakizidi, dawa hukosa nguvu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Mnyweshe kidogo kidogo. Dawa iliyobaki baada ya saa 24, imwage, uchanganye nyingine. Naye mtoto apelekwe kwa mganga upesi.

Sisi tunaishi kisiwani. Hospitali ya Abdalla Mzee ipo Mkoani, na kufika huko ni lazima upande chombo. Usiku, au bahari ikichafuka, mama hana budi kuanza kumsaidia mwanawe nyumbani.

Basi, ndugu msomaji, fanya kazi hii leo. Chukua sufuria safi. Mimina chupa 2 za nusu lita. Maji yanapofika, tia alama kwa ndani kwa msumari. Waonyeshe wote wa nyumbani. Siku ya shida, msikisie. Pimeni.