Kaskazi Ilipogeuka Nikiwa Edani



Sisi wa pwani mwaka wetu hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikaja na joto, bahari shwari na samaki wengi. Kisha hugeuka, ikafuata kusi pamoja na mvua za masika, na bahari huchafuka kwa miezi kadhaa. Kwa pepo hizo ndizo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalivyokuja kwetu na kurejea kwao. Hapa Lamu joto linapoanza kupungua, watu hushukuru. Mwaka ule mimi sikuweza.

Mume wangu alifariki mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa katika nguvu zake. Nikakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, nao upepo una hesabu yake. Siku moja mwishoni mwa Machi niliamka nikaona pazia la dirisha la kaskazini limetulia kabisa. Baada ya siku chache, pazia la upande wa pili ndilo lililokuwa likipepea. Nililia zaidi ya nilivyolia siku ya maziko. Upepo uliomkuta mume wangu hai ulikuwa umekwenda zake, na huu mpya ulitukuta bila yeye.

Kusi haikungoja nimalize kulia. Mvua ya kwanza ya masika ilivuja hadi kitandani kwa wanangu. Katika miaka 19 ya ndoa yetu sikuwahi kuona tone likipenya, nami nikidhani kuwa paa letu ni zuri tu. Kumbe kila mwaka, joto lingali kali, marehemu alikuwa akinunua makuti na kuziba palipochakaa. Alikuwa akitenga fedha za samaki wa kaskazi kwa ajili ya dhiki ya kusi. Alikuwa akilipandisha dau lake pwani na kulikalafati. Aliyafanya yote hayo bila kuyasema, na mimi sikuwahi kuyauliza.

Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 17, alipanda paani pamoja na jirani zetu. Aliposhuka aliketi mbele yangu, akasema, "Mama, shule basi. Nitashika dau la baba."

Debe la unga lilikuwa karibu tupu, naye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Nikamwuliza, "Baba yako ulimwona akitoka nje ya mwamba wakati wa kusi?"

Akainamisha kichwa. "La, Mama."

"Basi ikiwa yeye aliyeijua bahari hakutoka, wewe utatoka kwa lipi?"

Tukaafikiana. Atavua Jumamosi tu, ndani ya mwamba, pamoja na ami yake. Mimi nitashona kofia hapo hapo nilipo. Nilishona mchana, na usiku nikashona kwa taa. Kofia ya kwanza ilipouzwa, tulinunua unga na mafuta, na kilichobaki nikakitia ndani ya kitambaa kwa ajili ya karo.

Eda yangu ilimalizika mwishoni mwa Mei. Asubuhi yake nilivaa buibui nikateremka pwani. Kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu, nalo dau lilikuwa juu ya magogo, limefunikwa vizuri. Nilisimama hapo kitambo, nikamwombea dua mwenye dau. Mwanangu alikuwa darasani.

Dada zangu, huambiwa tusubiri tunapofikwa na msiba, nasi twajitahidi. Lakini naona marehemu alinifundisha subira ya namna nyingine, ile inayofanya kazi mapema, wakati bahari ingali shwari. Leo joto bado lipo. Kaeni na waume zenu muwaulize: paa linatakiwa kuezekwa lini, akiba iko wapi, nani anatudai na nani tunamdai. Maswali hayo si kuomba mabaya. Mimi ningetamani sana kumwuliza wangu, hata moja tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kila majira yatukute tuko tayari. Amin.