Bajeti ya Breezehome

Jumatatu, 6 Januari 2025
Hatimaye nina nyumba katika gemu la Skyrim. Proventus Avenicci, msimamizi wa Jarl, mtawala wa mji wa Whiterun, amepokea sarafu 5,000 na kunipa ufunguo. Breezehome iko pazuri: ukiingia tu lango la mji, ubavuni mwa karakana ya Adrianne, mhunzi, ambaye ni binti yake huyo huyo Proventus. Samani sasa zanunuliwa chumba kwa chumba: sebule 250, jiko 300, chumba cha kulala 300, chumba cha kulia 250, darini 200, maabara ya alkemia 500. Jumla 1,800. Mfukoni sina hata nusu yake.

Jumatano, 8 Januari
Chumba cha kulala kimetangulia. Sababu si usingizi. Ni kweli kwamba ukilala kwako unaamka na nguvu mpya na ujuzi unapanda kwa kasi zaidi kwa asilimia 10, lakini chumba cha kupanga pale nyumba ya wageni ya Bannered Mare kinatoa faida hiyo hiyo kwa sarafu 10. Ninachokihitaji humo ni pa kuwekea mali. Kitu ukikiacha kwenye pipa la barabarani, siku ukirudi gemu limeshakifagia. Ukikiweka kwenye kasha la nyumba yako, utakikuta. Na mimi nimebeba magamba ya joka mpaka siwezi kukimbia.

Ijumaa, 10 Januari
Leo mdogo wangu kanikalia kooni. "Dada, nunua maabara. Dawa ndiyo pesa." Kuhusu pesa hajakosea: okota maua njiani, changanya, uza, sarafu zinaingia. Lakini meza ya alkemia ipo dukani kwa Arcadia, muuza dawa, na nyingine ipo kwa Farengar, mchawi wa Jarl, kule ikulu ya Dragonsreach, pamoja na meza ya kutilia silaha uchawi. Hakuna anayekutoza kuzitumia. Tanuri la kufulia chuma nalo liko hapo hapo mlangoni pangu.

Kuna jambo jingine. Kwa wenye Hearthfire, nyongeza iliyotoka 2012, chumba kile kile cha maabara kinaweza kuwa cha watoto, kwa 250 tu. Ni ama hiki ama kile. Na pale chini ya mti wa Gildergreen kuna Lucia, yatima anayeomba sarafu. Mama yake alipofariki, shangazi na mjomba walichukua shamba wakamfukuza. Ukitaka kumwasili, sharti nyumba iwe na kitanda chake na kasha lake.

Jumapili, 12 Januari
Nimelipa 250. Lucia amehamia. Mdogo wangu amenuna kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kumchukua na mwingine. Tunaweza, mwisho ni watoto wawili.

Kwa hiyo bajeti yangu ni hii: chumba cha kulala kwanza, cha watoto pili, jiko na darini pesa zikipatikana. Sebule na chumba cha kulia ni urembo, vingoje. Maabara sinunui kabisa. Katika Whiterun, usilipie kile ambacho jirani anakuazima bure. Lipia kile ambacho usipokiweka nyumbani kwako, hutakipata popote mjini.