Hapa Kete Inakula Nyuma?

Ikifika saa nne asubuhi jua limeshakolea juu ya mabati ya Arua, na kivuli cha mwembe ulio kando ya steji ya bodaboda kinagombewa. Pikipiki zimepangwa safu mbili, pua zote zikielekea barabarani. Upepo ukitoka upande wa soko unaleta harufu ya samaki wadogo wakavu wanaouzwa kwa vikombe vya plastiki. Ukigeuka, ni petroli na mihogo ya kukaanga. Maembe mabivu yanaanguka yenyewe, na hakuna anayeinama kuyaokota. Katikati ya kivuli, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kuna ubao wa drafti. Kutoka barabarani huuoni. Unaona migongo tu.

Nilisubiri mpaka dereva mmoja akaitwa na abiria, ndipo nikapata pa kuchungulia.

Ubao ni plaiwudi, upana wake ni kutoka kiwiko cha mtu mzima hadi ncha za vidole. Una miraba 64. Nusu yake imetiwa weusi kwa oili chafu ya pikipiki, nayo oili imezama ndani ya mbao hata mvua haiwezi kuifuta. Kete ni vizibo vya chupa, 12 kwa kila mchezaji: mmoja anavilaza chali, meno yakiwa juu, na mwenzake anavifudikiza, chapa ya bia ikionekana. Kete ikifika mstari wa mwisho na kuwa kingi, inapachikwa kizibo cha pili juu yake. Baadhi ya vizibo vimegongwa miaka mingi hata rangi imeisha, vimebaki bati tupu linalong'aa.

Hapa hakuna anayecheza kimyakimya. Anayekula anaugonga ubao kwa kila kete anayoiruka, na waliosimama wanahesabu naye kwa sauti: alu, iri, na! Mshindwa anaondoka kwenye kiti, anayefuata anakaa kabla kiti hakijapoa. Kilugbara ndicho kinachotawala, lakini utani mkali unakuja kwa Kinubi, na akifika mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya Vurra, upande wa Kongo, Kilingala kinaingia. Wasiojuana wanakutana kwenye Kiswahili.

Kijana aliyesimama kando yangu alikuwa na umri wa miaka 15 au 16. Mikono ya shati lake la shule ilikuwa imeshamwacha, inaishia mbali na vifundo. Alitazama michezo kadhaa bila kufungua mdomo, macho yake yakifuata vidole kuliko kete. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiarabu cha Juba:

"Mzee, hapa kete inakula nyuma?"

Wawili watatu walicheka. Swali kama hilo, mbele ya watu wanaocheza kila siku ya Mungu, linamvua mtu nguo: linatangaza kwamba yeye ni mgeni, tena mgeni wa mahali hasa. Mzee aliyekuwa akicheza hakucheka. Aliacha zamu yake, akamgeukia.

"Kwenu inakula?"

"Inakula, mzee. Kule Yei inakula."

"Basi kaa hapa."

Akachota vizibo vinne kutoka rundo la kete zilizokwisha kuliwa, akavipanga chini kwenye vumbi, akachora miraba kwa kijiti. Akasogeza kimoja, akakirudisha. Kete ya kawaida kwenye ubao huu, akaonyesha, inakula mbele tu. Anayerudi nyuma ni kingi. Yule aliyekuwa akicheza naye alisubiri huku amekunja mikono, na hakuna aliyelalamika kwamba mchezo umesimama.

Kijana akapata nguvu. Kingi anakwenda hatua moja au anakata ubao mzima? Anakata. Na nikiona kete ya kula nikaiacha? Hapo mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huwezi kuiacha. Lazima ule. Ndiyo maana watu watakulisha."

Nimekaa na maswali hayo matatu tangu siku ile, kwa sababu sioni kwamba yalikuwa maswali ya mtu asiyejua. Ni hayo yanayotenganisha drafti za dunia. Waingereza wana ubao huuhuu wa miraba 64, ila kete yao haili nyuma na kingi wao anatembea hatua moja moja. Warusi wana ubao huohuo pia, lakini kete inakula nyuma na kingi anaruka mbali. Mashindano ya kimataifa yanatumia zaidi ubao wa miraba 100, kete 20 kwa kila upande, na ukiwa na njia mbili za kula ni lazima ufuate inayokula nyingi zaidi. Mwaka 2007 wataalamu wa kompyuta huko Kanada walitangaza kwamba, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989, wamethibitisha kuwa drafti ya Kiingereza huishia sare iwapo hakuna anayekosea. Hali zinazoweza kutokea ubaoni ni nyingi mno: andika 5, kisha uifuatishe sufuri 20. Na uthibitisho huo wote unahusu kanuni zile tu. Ruhusu kete kula nyuma, kama wanavyofanya wenzake yule kijana, na kazi hiyo ya miaka 18 haitoi tena jibu.

Mchezo ulipoisha mzee alihamia kwenye mzizi wa mwembe, akaanza kumenya embe kwa kisu kidogo, ganda likishuka kwa mkanda mmoja mrefu. Nilimuuliza drafti alijifunzia wapi.

"Kulekule kwao," akasema, akielekeza kisu kaskazini. "Yei."

Sikuhitaji kuuliza mwaka. Serikali ya Uganda ilipoangushwa mwaka 1979, na askari wa serikali mpya walipokuja kulipiza kisasi mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya watu wa West Nile, mkoa huu wa Arua, walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire. Vijiji vilibaki na kuku tu. Wengi hawakurudi mpaka miaka ya kati na ya mwisho ya themanini. Mzee alikwenda akiwa na umri kama wa huyu mtoto, aliniambia, na kwenye ubao wa kwanza aliousogelea akauliza swali, waliucheka mguu wake usio na kiatu. Kwenye wa pili walimpa kiti. Hakueleza zaidi, akanikatia kipande cha embe.

Mwaka 2016 njia iligeuka. Vita vya Sudan Kusini vilipofika Yei na viunga vyake, watu walishuka kuja huku, na makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yaliyofunguliwa wilayani Yumbe mwezi Agosti yalikuwa na zaidi ya watu 270,000 kabla mwaka haujaisha. Nadhani ni vigumu kuielewa subira ya mzee yule kwa kijana bila kuijua njia hii ya kwenda na kurudi.

Subira hiyo haipo kila mahali. Upande wa pili wa mji niliona ubao mwingine, mzuri kuliko huu, wenye kete za mbao zilizochongwa kwa mashine. Noti zilikuwa zimekunjwa chini ya ukingo wake. Pale hakuna aliyehesabu kwa sauti wala aliyeuliza, na mvulana aliyesogea aliambiwa akacheze na wenzake. Sikukaa.

Kutoka Arua kwenda Koboko unafuata barabara ya lami inayoanzia Vurra na kuishia Oraba, kilomita 92 kwa jumla, ukikatiza Maracha katikati. Nyumba za nyasi zimekaa mbali na barabara, kila boma na mwembe wake. Mihogo iliyomenywa imeanikwa kandokando ya lami, myeupe juu ya udongo mwekundu, na teksi inaikwepa kwa heshima. Magunia ya mkaa yamesimama wima, marefu kuliko watoto wanaoyalinda.

Koboko ni mji wa malori. Yanakuja marefu, yamefunikwa turubai, yakielekea Oraba na mpaka wa Sudan Kusini, na mengi hulala hapa. Mbele ya kibanda cha fundi wa pancha, ubao umechorwa moja kwa moja juu ya meza, kwa rangi ya mafuta ya kupakia milango. Kila kitu hapa ni kikubwa zaidi: mraba mmoja unatosha kiganja, na kete ni vifuniko vya madumu, vya manjano kwa vyekundu. Vikigongwa vinatoa mlio mzito. Madereva wanacheza wakiwa wamesimama. Kikakwa kinazungumzwa zaidi, nacho hakijui mipaka, kwani Wakakwa wako Uganda, Sudan Kusini na Kongo.

Msichana alikuja na beseni la karanga kichwani. Aliwapimia wawili, akapokea sarafu, kisha hakuondoka. Alishusha beseni, akalibana katikati ya miguu yake, akatazama. Kingi mwekundu alikuwa amepata njia mbili: upande mmoja kete moja, upande mwingine tatu. Dereva akala moja, kwa kuwa ile njia ya kete tatu ilikuwa na mtego.

"Kaka," msichana akasema, "si ulitakiwa kula tatu?"

Dereva akainua kichwa. Nilihofia jibu lake. Lakini alimtazama fundi wa pancha, fundi akamtazama mzee aliyekaa juu ya tairi, na mzee akasema kwamba hilo ni swali hasa, maana Ariwara, kule Kongo, wanalazimisha wingi na hapa kila mtu anajichagulia. Si kweli, akasema mwingine, hapa tulilazimisha tangu zamani, ninyi ndio mmelegeza. Utingo wa lori akashuka kutoka juu ya turubai kuja kusema kwao Kaya, ng'ambo ya mpaka, wanavyofanya. Msichana akaombwa aeleze yeye alijifunza wapi. Kwa kaka yake, akajibu, na kaka yake anasema tatu.

Mchezo uliokuwa ukiendelea ukasahauliwa. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akarudisha kingi na kete zake pale zilipokuwa, akazipanga ili njia zote mbili zijaribiwe, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote, na msichana akaambiwa asogee karibu, aanze yeye.